Panga Langu na Sala Zangu

Kwa miaka mingi nilijulikana katika usharika wetu kuwa mtu anayejua kuomba. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari mjini Bukoba, tena mzee wa kanisa, na palipokuwa na harusi, msiba au kikao cha ukoo, halikukosa kusikika neno, "Mwalimu, tuongoze kwa sala." Nami nilisimama, nikafumba macho, nikaanza kumwita Mungu kwa majina yake, Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, Mwamba wa kale, Simba wa kabila la Yuda, nikiyapandisha na kuyashusha mpaka nisikie akina mama wa viti vya mbele wakiguna kwa kuitikia. Kufikia "Amina" nilikuwa nimekwisha kujua, kama mwalimu ajuavyo insha nzuri anapoisahihisha, ni sentensi zipi zilizokaa vizuri. Kwamba sala ina msikilizaji mwingine zaidi ya wale waliofumba macho mbele yangu ni jambo nililolifundisha mara nyingi, lakini sidhani kama nililikumbuka nikiwa nimesimama pale.

Mama yangu hakuomba hivyo. Aliishi Muleba, kusini mwa Bukoba, kwenye kibanja, ile migomba inayoizunguka nyumba, alichoachiwa na marehemu baba, na kila jioni, kuku wakishaingia ndani, alipiga magoti juu ya nyasi zilizotandikwa chumbani akasema maneno machache kwa Kihaya. Alianza kwa "Mukama, wakola." Mukama ni Bwana. Neno la pili watu hulitafsiri kuwa asante, na tafsiri hiyo haina kosa, ila neno lenyewe linatokana na kutenda: unamwambia mwenzako kwamba umefanya, kazi yako nimeiona. Ni vigumu kulisema hivi hivi bila kuwa na tendo unaloliashiria. Mama basi alitaja matendo. Wakola kwa mvua ya alfajiri. Wakola kwa mjukuu aliyeacha kukohoa. Wakola kwa goti hili la kushoto, limenifikisha kisimani na kunirudisha. Baada ya hapo aliungama jambo moja, mara nyingi dogo kiasi cha kunichekesha: kwamba alimjibu vibaya muuza dagaa sokoni, au kwamba alimwambia mtoto wa jirani kuwa maparachichi hayajaiva ilhali yameiva. Ndipo alipoomba, na ombi lake halikuzidi sentensi mbili.

Desturi hiyo aliirithi kwa mama yake, aliyekuwa mmoja wa watu wa uamsho. Uamsho ule ulianzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kuingia kwetu Bukoba, ukawakuta Walutheri waliobatizwa ambao wengi wao walikuwa wameanza kupoa. Miongoni mwa vijana walioguswa nao alikuwamo Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu wetu, na ambaye mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Lakini bibi yangu hakusimulia habari za maaskofu. Alisimulia habari za jembe. Alikuwa ameazima jembe la jirani, akakaa nalo misimu mitatu huku akisema limepotea, na siku aliyotubu hakuruhusiwa na ndugu zake wa uamsho kusema tu kwamba yeye ni mwenye dhambi, kwa sababu kila mtu ni mwenye dhambi na kulisema hilo hakumgharimu mtu kitu. Alitakiwa aseme jembe. Kisha alirudishe. Kwa watu wale toba isiyo na jina la kitu haikuhesabiwa kuwa toba, na nadhani ndiyo sababu shukrani isiyo na jina la kitu haikumkaa Mama mdomoni.

Nakiri kwamba nilizionea haya kidogo sala za Mama. Niliziona za kitoto.

Mwaka 2012, mwezi wa Mei, nilikwenda kwenye msiba wa baba wa mwalimu mwenzangu, katika kijiji kingine cha wilaya hiyohiyo ya Muleba. Kama ilivyo desturi, wanaume tuliofika mapema tulishika mapanga tukaingia kibanjani kuangusha mikungu ya kupikia waombolezaji na kukata majani ya migomba ya kufunikia vyungu. Nilikuwa na panga langu mwenyewe, zuri, lililonolewa vizuri, na nilifanya kazi kwa bidii, kwa maana sikutaka ionekane kwamba mwalimu wa mjini amesahau kushika panga. Jumamosi iliyofuata nilipitia kwa Mama. Nikapogoa migomba yake, nikapunguza machipukizi, nikaangusha mkungu mmoja wa kupika jioni, nikianzia upande wa barabara na kwenda nikifuata ukingo mpaka kwenye mimea ya mlamula, ambayo kwetu ndiyo alama ya mpaka kati ya kibanja na kibanja. Niliporudi mjini nilijisikia mwana mwema.

Baada ya majuma machache Mama alinipigia simu akasema migomba inakuwa ya manjano. Niliposhuka kwenda kuona, nilikuta majani yamelegea na kuning'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba, na ndizi za mikungu michanga zinaiva kabla ya wakati wake. Ukizikata, nyama ya ndani ilikuwa na madoa ya kahawia. Huo ndio mnyauko, ugonjwa ambao mkoa wa Kagera uliujua vizuri kwa wakati ule. Unaletwa na bakteria waliotambuliwa kwanza Ethiopia, wakaonekana Uganda mwaka 2001 na kuingia kwetu miaka michache baadaye. Mtu asiyetoka Buhaya anaweza kudhani kwamba nazungumzia zao fulani la shambani. Kibanja si shamba. Ni chakula cha kila siku, ni kivuli cha nyumba, na ndimo walimolala wazee wetu. Kaburi la baba liko hatua chache kutoka mlangoni, chini ya migomba ileile iliyokuwa ikioza.

Nikafanya nilichojua kukifanya. Niliwakusanya watu wa kikundi chetu cha maombi kutoka mjini, tukafunga siku tatu, na siku ya tatu tukaja Muleba kuombea kibanja tukiwa tumesimama ndani yake. Niliomba kwa sauti kuu. Nilimkumbusha Mungu kwamba mwanamke huyu ni mjane, na kwamba Neno lake linawalinda wajane. Nilimkumbusha kwamba mimi natoa fungu la kumi bila kuchelewa na kwamba nafunga kila Ijumaa. Kisha nikageukia upande wa mlamula, kwa kuwa ng'ambo yake aliishi mzee ambaye marehemu baba aliwahi kushindana naye juu ya mpaka, nikaamuru kwamba kila jicho la husuda linalotazama kibanja hiki lipofuke na kila mkono wa hila unaovuka mpaka huu ukauke. Sikulitaja jina lake. Sisi wataalamu wa sala hatutaji majina. Nilipofumbua macho nilimwona yule mzee ng'ambo ya pili, ameshika kamba ya mbuzi wake, ananitazama, kisha akainama akaendelea kumfunga mbuzi.

Mama hakuitikia "Amina." Nilidhani hakusikia.

Alhamisi moja baadaye bwana shamba wa kata alifika. Alikuwa kijana mpole, umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Alikata shina moja, akanionyesha usaha wa manjano uliotoka polepole kwenye mkato, kisha akaanza kutembea kutoka mgomba hadi mgomba akihesabu ile iliyotangulia kuugua. Alianzia upande wa barabara, akafuata ukingo, akafika kwenye mlamula. Akasimama.

"Shikamoo tena, Mwalimu," alisema, kama mtu anayeomba ruhusa. "Huku alipogoa nani?"

"Mimi."

"Na panga lilikuwa limetoka wapi?"

Nikamwambia. Hakunilaumu. Alisema hawezi kuapa, kwa sababu nyuki na wadudu wengine wanaotembelea ua dume la mgomba nao huubeba ugonjwa, ndiyo maana wakulima huambiwa walivunje ua hilo mapema kwa kijiti chenye panda na si kwa panga; lakini ugonjwa wa wadudu hutawanyika ovyo, na huu ulikuwa umefuatana kama nyayo za mtu. Akaeleza kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa linatakiwa kupitishwa kwenye moto au kuoshwa kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe kabla halijagusa mgomba mwingine. Mafunzo hayo yalikuwa yametolewa vijijini tangu miaka kadhaa, na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Maruku walikuwa wakiyahimiza. Mama aliyajua. Mimi, niliyekuwa nikija mara moja kwa mwezi na kujisikia mwana mwema, sikuuliza.

Ingekuwa vizuri kusimulia kwamba usiku ule nilianguka kifudifudi nikatubu. Ukweli ni kwamba nilijaribu kuomba nikashindwa, na kilichonishinda hakikuwa uchungu bali aibu ya kitaaluma: kila sentensi niliyoianza ilikuja imevaa suti. Nilirudi mjini bila kumwambia mtu yeyote. Panga nililiegemeza nyuma ya mlango wa stoo.

Haikupita muda ilikuwa zamu yangu kusoma Injili katika ibada, na somo lilikuwa Luka 18, habari za Farisayo na mtoza ushuru waliopanda hekaluni kusali. Somo hilo nilikuwa nimelisoma, nimelifundisha na kulihubiri mara nisizoweza kuzihesabu, na siku zote nilijua kwamba Farisayo ni mtu mwingine. Nilifika mahali pale anapoanza kuomba, nikasoma kwa sauti yangu ile ile, "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine," na nikashtuka kwa neno moja ambalo katika miaka yote ile sikuwa nimelisikia. Nakushukuru. Sala ya Farisayo ni sala ya shukrani. Haombi kitu chochote. Hana ombi la mali wala la kisasi. Amesimama mbele za Mungu na kushukuru, jambo ambalo sote tunafundishwa kulifanya, na bado hakushuka kwenda nyumbani kwake akiwa amehesabiwa haki. Kisha yakaja yale mengine, nafunga mara mbili kwa juma, hutoa zaka katika mapato yangu yote, na nilisikia kibanja cha Mama na sauti yangu ikigonga kwenye migomba. Nilikwama. Mwinjilisti alidhani nimepoteza mstari, akainuka kunisaidia kwa kidole.

Nimelitafakari neno hilo tangu siku ile kuliko neno lingine lolote la Maandiko. Farisayo anashukuru kwa kujilinganisha: kipimo chake ni yule mtu aliyesimama mbali. Shukrani ya namna hiyo ina Mungu mwanzoni mwa sentensi tu, kama anwani juu ya bahasha, na ndani ya bahasha kuna picha ya mwandishi. Naogopa kwamba shuhuda nyingi tunazozitoa makanisani ni za aina hiyo. Mtu anasimama kumshukuru Mungu kwa gari, na kabla hajaketi sote tumejua ni gari la aina gani. Nami nilizitoa nyingi. Yule mtoza ushuru hashukuru kwa neno hata moja, anasema tu, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," na kwa sisi wenye lugha hii maneno hayo yana ukaribu wa pekee, kwa maana "niwie radhi" ndilo neno lile lile tunalomwambia mtu tuliyemkanyaga mguu katika daladala. Si lugha ya hekaluni. Ni lugha ya mtu aliyemkosea mtu na anayeona uso wake.

Nilijua uso ninaotakiwa kuuona. Sikwenda. Zikapita juma tatu, na katika juma ya tatu migomba ya yule mzee ng'ambo ya mlamula nayo ikaanza kuwa ya manjano.

Aliyenisukuma ni Mama, tena kwa njia isiyopendeza. Nilifika Jumamosi jioni, nikamweleza habari za panga, jambo ambalo bila shaka alikuwa amekwisha kulijua kwa bwana shamba, na nikamwambia tupige magoti tuombe. Akakataa. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona Mama akikataa kuomba. Alisema, "Nenda kwanza upande wa pili. Mimi nitakaa hapa nikusubiri. Chakula kitapoa, si kitu." Yesu alisema jambo hilo hilo katika Mathayo 5, kwamba mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende akapatane kwanza na ndugu yake, kisha arudi, ila mtu akisoma kitabuni haoni urefu wa njia. Njia yangu ilikuwa hatua kama hamsini, na nilizitembea kama mtoto anayetumwa kuchuma fimbo ya kuchapwa yeye mwenyewe.

Mzee alikuwa ameketi barazani. Nilimwamkia, nikabaki nimesimama kwa kuwa hakunikaribisha kiti. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, na yote yalinitoka akilini. Nikasema kwamba ni panga langu, kwamba lilitoka msibani, kwamba sikulichoma moto, na kwamba siku ile tulipoomba, mkono wa hila niliokuwa nausema ulikuwa ni huu hapa. Nikasema, "Niwie radhi, Mzee."

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Siku ile nilikusikia. Sauti yako ni kubwa." Akanyamaza tena. "Panga lako lipitishe kwenye moto kwanza. Halafu Jumatatu uje, tung'oe."

Hakusema kwamba amenisamehe. Mpaka leo sijui kama alinisamehe siku ile, au siku ya tatu ya kung'oa mashina tulipokunywa togwa kutoka chombo kimoja, au miaka miwili baadaye, kwa maana neno hilo hakuwahi kulitamka na mimi sikuthubutu kumdai. Niliomba ruhusa shuleni, nikakaa Muleba siku tano. Tuling'oa mashina 63 kwa Mama na mengine kwake, tukayakatakata na kuyalundika papo hapo ili ugonjwa usisafiri, na kila tulipohama kutoka shina hadi shina mzee alininyooshea mkono nimpe panga langu, alipitishe motoni yeye mwenyewe. Hakuniamini. Nami nilikubali kutoaminiwa, na naweza kusema kwamba hicho ndicho kilikuwa chuo changu cha unyenyekevu, kuliko semina zote nilizopata kuhudhuria kuhusu neno hilo.

Jioni ya siku ya mwisho kibanja kilikuwa wazi kama kichwa kilichonyolewa kwa msiba, na kaburi la baba, lililozoea kivuli, lilipigwa na jua. Mama alipiga magoti. Nilitega sikio nikijiambia kwamba leo hataweza. Akasema, "Mukama, wakola," akataja maharage, kwa kuwa chini ya migomba ile kulikuwa na maharage na yalikuwa yamekomaa. Akataja mzee wa upande wa pili na mikono yake. Akaungama kwamba alimkasirikia mwanawe. Akaomba chakula cha mwezi ule. Basi.

Baada ya kula nilimuuliza anawezaje kushukuru katika hali hii. Alinitazama kama mtu anayeulizwa swali na mtoto. "Sikushukuru kwa ugonjwa," alisema. "Nimeshukuru kwa maharage. Hukusikia?"

Nilirudi mjini na jibu hilo likinisumbua, kwa sababu Biblia yetu katika 1 Wathesalonike 5:18 inasema, "shukuruni kwa kila jambo," na nilikuwa nimesikia ikihubiriwa, na pengine nimehubiri mwenyewe, kwamba Mkristo sharti amshukuru Mungu kwa ajali, kwa kufiwa na kwa kufilisika, la sivyo imani yake ina upungufu. Baadaye mchungaji wetu alinieleza kwamba katika Kiyunani maneno ya Paulo yanakaribia zaidi kusema "katika kila hali" kuliko "kwa sababu ya kila jambo." Mama hakujua Kiyunani, lakini alikuwa amesimama mahali penyewe. Habakuki naye, katika sura ya tatu, anapotaja mtini usiochanua na mashamba yasiyotoa chakula, hasemi kwamba hasara hizo ni njema; anazihesabu moja moja, wazi kama mkulima anavyozihesabu, na anasema kwamba hata hivyo atamfurahia Bwana. Kuna uongo mwingi unaosemwa kwa Mungu kwa jina la shukrani, na sidhani kwamba unamdanganya.

Uko pia ule wa kushukuru kama chambo. Huu sitaukalia sana kwa kuwa kila mtu anaufahamu: shukuru ili upewe zaidi, toa shukrani ya nyumba kabla hujaipata ili Mungu ashindwe kukunyima. Wale wakoma kumi wa Luka 17 walipotakaswa, yule mmoja aliyerudi alikuwa tayari ameshapona. Hapakuwa na kitu kilichobaki cha kukipata kwa kurudi, na ndiyo maana kurudi kwake kulikuwa shukrani. Yesu akauliza, "Wale kenda wa wapi?" Huwa nawaza kwamba wale kenda hawakuwa watu wabaya. Walikuwa njiani kwenda kwa makuhani, kama walivyoagizwa. Walikuwa na haraka, kama mimi nilivyokuwa kila nilipotoka kwa Mama kuwahi gari la mjini.

Sasa niseme kosa langu lililofuata, maana baada ya mambo yale niligeuka nikawa mnyenyekevu kupita kiasi. Kwa karibu mwaka mzima sala zangu, za faragha na za hadharani, zilijaa udhaifu wangu. Mimi mavumbi, mimi majivu, mimi nisiyestahili hata kulitaja jina lako. Ibrahimu alisema maneno ya namna hiyo katika Mwanzo 18, lakini aliyasema akiwa katikati ya kuwaombea watu wa Sodoma, wala hakukaa hapo kuyapamba. Mimi niliyapamba. Watu wakaanza tena kuguna kwa kuitikia. Siku moja niliomba hivyo mbele ya Mama, na tulipoinuka akasema, akikung'uta nyasi kwenye gauni lake, "Unazungumza habari zako tena."

Hilo lilinikata kuliko habari za panga. Nilikuwa nimehama kutoka kujisifu kwenda kujilaumu bila kutoka nje ya nyumba moja, nyumba yangu mwenyewe, na Mungu bado alikuwa msikilizaji wa hotuba. Nikamuuliza Mama basi nifanyeje, na badala ya kunijibu alinikumbusha jinsi tulivyofundishwa utotoni kupokea kitu kwa mkubwa: unapiga goti, unanyoosha mikono yote miwili, unapokea, unasema wakola. Mtoto aliyepiga goti hasemi kwamba yeye ni mdogo. Goti limekwisha kusema. Wala hakai pale akilia kwamba hastahili ndizi, kwa maana bibi amenyoosha mkono na mkono unachoka. Barua kwa Waebrania, sura ya nne, inatuambia tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri ili tupewe rehema. Zamani nilidhani ujasiri huo ni wa sauti. Nadhani ni huo wa mikono miwili.

Tangu hapo nimejaribu kuomba kwa mpango wa Mama: tendo moja nililoliona siku hiyo, kosa moja lenye jina, kisha haja yangu kwa maneno machache. Si rahisi. Siku nyingine naketi robo saa nikitafuta tendo moja la Mungu la siku hiyo, na ninachogundua si kwamba halikuwapo bali kwamba sikuwa nikiangalia. Kosa lenye jina ni gumu zaidi, kwa kuwa likishatajwa huanza kunidai niende mahali. Nimelazimika kumrudia mwanafunzi niliyemwaibisha darasani, na karani mmoja, na mke wangu mara nyingi kuliko wote wawili. Haja zangu, nikizifikia mwishoni, huwa zimepungua. Nyingine nimezisahau njiani. Mwaka jana niliitwa kuombea chakula katika harusi nikasema sentensi nne nikaketi, na mjomba wa bibi harusi akaja kuniuliza kama sijisikii vizuri.

Kibanja tulikiacha bila migomba kwa zaidi ya msimu mmoja, tukapanda mahindi na maharage, kisha tukaleta machipukizi safi. Katika sikukuu ya mavuno ya mwaka ule mbaya, mimi niliyezoea kubeba mkungu mkubwa kuliko wote mpaka mbele ya madhabahu huku nikijua nani ananitazama, nilibeba bakuli la maharage la Mama, na katika mnada baada ya ibada lilinunuliwa na yule mzee jirani. Mama alifariki mwaka 2019. Tulimzika kando ya baba, na kivuli kilikuwa kimerudi. Mzee alikuja na mapema, akiwa na panga lake na mikungu mitatu begani kwa wajukuu zake, na kabla hajavuka mlamula kuingia kwetu alisimama kwenye moto uliokuwa umewashwa uani kwake, akalipitisha panga upande huu na upande ule.

Panga langu bado ninalo. Limekuwa jeusi kwa moto na makali yake hayadumu kama zamani, kwa sababu chuma kinachochomwa mara kwa mara hulegea. Kila ninapofika Muleba nawasha moto kando ya mpaka kabla ya kugusa mgomba wowote, nalilaza panga juu ya makaa, na kwa kuwa hakuna kazi nyingine ya kufanya wakati likipata joto, hapo ndipo ninapoomba. Naanza kwa Kihaya.